Mashine Ilipokataa Kadi ya Benki

Jumamosi, kwenye basi la kwenda Rugerero, kijana mwenye suti mpya aligusisha kadi ya benki kwenye mashine. Ikakataa. Akaipangusa kwenye suruali, akajaribu tena.

“Kaka, hii haipokei ya benki,” dereva akamwambia. “Inataka kadi ya safari. Shuka, wengine wanangoja.”

Jasho likamtoka. “Tafazali! Leo ndiyo wakwe wananiona mara ya kwanza. Nikichelewa watanikatalia binti yao.”

Mama mmoja aliyebeba kikapu cha vitunguu akanyoosha mkono kutoka nyuma, akagusisha kadi yake ya safari mara mbili, nauli yake na ya kijana.

“Ingia, mutoto yangu. Wakwe hawapendi kungoja mutu.”

Basi zima tukapiga makofi.

Tuliposhuka, kijana akamshukuru tena, kisha akamuuliza nyumba yenye geti la bluu iko wapi. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi tai, akacheka mpaka akashika kiuno.

“Bon, haya, beba hiki kikapu, twende. Ni kwangu.”

Nasikia karibuni mashine zote zitapokea kadi za benki. Nitafurahi. Ila namhurumia mkwe wa siku hizo: atajilipia mwenyewe, atafika getini hajulikani na mtu.