Kombi, Baba na Twende

Jumatano mama alinipigia simu. Hakuanza hata na habari za watoto. "Wanunuzi wa chuma chakavu wamepita tena," alisema, "na safari hii nimewakubalia. Kama kuna chako ndani ya ile kombi, njoo ukichukue."

Ijumaa niliendesha kutoka Dodoma hadi Singida bila kupumzika, nikijiuliza njiani nakimbilia nini. Sikuwa na kitu ndani ya kombi ile. Nilichokuta ni kuku wawili wanaatamia kwenye kiti cha dereva, na harufu ya vumbi la zamani ambayo, rafiki yangu, ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho.

Zamani baba alikuwa dereva wa malori ya masafa. Kisha mgongo ukamsumbua, akapewa kazi ya kutunza stoo mjini, Jumatatu hadi Ijumaa, mezani. Alikaa pale kama mtu anayesubiri kuitwa. Nyumbani napo hakutulia. Alikula amesimama, alizunguka uani, alipanga upya kuni zilizokwisha kupangwa. Ndipo siku moja akaja na kombi kuukuu aliyouziwa na watawa. Aling'oa viti vya nyuma, akatengeneza kitanda cha mbao, na chini ya kitanda akapanga jiko la mkaa, sufuria, unga na debe la maji.

Jirani yetu alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili. "Mtu mwenye nyumba yake," alisema, "analala garini?"

"Wikiendi tu," baba alimjibu.

Tulikwenda watatu: baba, mimi niliyekuwa na miaka tisa, na mbwa wetu. Mama alibaki na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mbwa alikuwa na rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, na jina lake lilikuwa Twende, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilolielewa. Ijumaa aliijua kuliko sisi. Kuanzia mchana alikuwa akilala na kuamka, akilia puani, akikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye tairi na kurudi. Nikitoka shule nilimkuta anatetemeka mwili mzima, na mimi nikaanza kutetemeka naye, hata chakula hakikupita.

Kabla sijapanda, mama alinishika bega na kuniambia maneno yale yale kila wiki: "Mwangalie baba yako." Nilidhani anaongelea mashimo ya barabarani.

Ah, safari zile! Iguguno msimu wa alizeti, njano kushoto na kulia hadi macho yanachoka, na karibu na mashine ya kukamulia mafuta ile harufu nzito ya mashudu inayokufanya utamani kula kitu usichokijua. Mtinko siku ya mnada, ng'ombe wakipiga kelele, moshi wa nyama, watoto wakikimbia nyuma yetu wakipaza sauti, "Mbwa amepanda gari! Mbwa amepanda gari!" Twende alitoa kichwa dirishani kama mheshimiwa. Tulipika ugali wa mtama na mlenda kando ya mawe makubwa, upepo ukitutilia mchanga kwenye sufuria, na baba alikula haraka huku akitazama barabara. Hatukudumu mahali popote. Nikianza kucheza na watoto wa pale, alikuwa tayari anafunga debe. "Wenye kukaa watakaa," alizoea kusema. Nami nilikuwa napanda, roho ikiwa nusu mchezoni na nusu garini. Hadi leo nikikaa kwenye kikao zaidi ya saa moja, mguu wangu unaanza kucheza chini ya meza.

Wikiendi ninayotaka kukusimulia tulikwenda mbali kuliko zote, tukapita Manyoni, tukashuka vilima hadi Kintinku. Tulilala kando ya boma la wafugaji. Jumapili asubuhi bibi mwenye boma alituletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, akamgeukia baba.

"Mnakwenda wapi na mtoto?"

"Tunatembea tu, mama."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu."

Bibi alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Hata mbuzi," alisema, "huwa na kisima anachokiendea."

Baba alimrudishia kibuyu. Tulifunga vyombo, tukaondoka. Tulikuwa tumekwenda kidogo tu nilipohisi jua usoni. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusoma jua. Kwenda nyumbani asubuhi, jua lilipaswa kutuchoma kisogoni.

"Baba, nyumbani ni nyuma."

"Najua."

Aliendelea. Twende alikuwa katikati yetu, ulimi nje, mwenye furaha. Kwake barabara zote zilikuwa nzuri.

"Baba, kesho shule."

Alisema taratibu, kama anayejisemea, "Shule zipo kila mahali."

Sikulia. Nilikaa nikitazama mikono yake kwenye usukani. Ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa akiongelea mashimo. Nilikuwa nimetumwa kazi miezi yote ile bila kujua, na sasa kazi yenyewe imefika na sijui inafanywaje.

Injini ilipopata joto, baba alisimama, akaenda nyuma kuifungua. Nilimshika Twende kamba, nikashuka, nikaanza kutembea kurudi tulikotoka. Sikukimbia. Twende alikataa, alirudi nyuma, alijilaza vumbini, nikamvuta. Alikuwa mbwa wa kwenda mbele, yule. Nilimvuta hadi mikono ikauma, hadi kombi nyuma yetu ikawa kama kopo. Kisha nikasikia sauti.

"We mtoto! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani!"

Alikuja kwa miguu, mgongo wake ule mbovu, akitota jasho. Alinifikia, akasimama mbele yangu.

"Ni mbali," alisema.

"Najua."

"Utafika lini?"

"Sijui. Na wewe, ungenirudisha lini?"

Baba alichuchumaa. Alichukua kijiti akaanza kuchora chini, mistari tu. "Nilitaka kuona mbele kidogo," alisema. "Kidogo tu, mwanangu. Pale mezani nakufa."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimpa kamba ya mbwa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imechoka. Aliishika, akaiangalia, akainuka. Tulirudi hadi kwenye kombi, akageuza gari. Tulipopanda vilima kuelekea Manyoni alikuwa akijifuta uso kwa kiwiko, nami niliangalia dirishani upande wangu nisimwaibishe.

Jioni mama alitupakulia ugali na kuku. "Mmefika wapi?" aliuliza.

"Kintinku," baba alisema.

Nami nikala. Baba hakuwahi kuniambia nifiche, na sikuwahi kusema.

Tuliendelea kusafiri miaka miwili zaidi, lakini si mbali, na kila kona baba alinitazama kidogo kabla ya kukata. Kisha Twende akazeeka na kufa, kombi ikafa baada yake, na baba akazeeka mezani pale pale hadi kustaafu. Ameshatutoka sasa. Barabara ile ni lami tupu. Unapita Kintinku umesinzia. Watoto wa Mtinko hawashangai tena gari lolote, achilia mbali mbwa.

Wanunuzi walipoiburuta kombi hadi juu ya lori, mama na mimi tulisimama uani. Sijui kwa nini, nikamwambia yote, jua, kamba, kijiti.

"Nilijua," alisema.

"Alikwambia?"

"Ulirudi na malengelenge miguuni. Mtoto aliyeshinda garini hapati malengelenge." Alifunga khanga yake vizuri. "Ndiyo maana nilikuwa nakutuma. Akiwa na wewe lazima arudi."

Nilidhani amemaliza. Lori lilipokata kona ndipo akasema, hanitazami, "Kila Ijumaa nilikuwa naoga mapema na kuvaa gauni langu zuri. Labda siku moja angesema, na wewe panda."

"Mbona hukumwambia, mama?"

"Na mdogo wako ningemwacha na nani? Na kuku?"

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Nimeishi miaka yote hii nikidhani nyumba yetu ilikuwa na watu wasiotulia wawili na mbwa mmoja, na kwamba mama alikuwa ukuta tulioegemea tukirudi. Ilitosha baba amwulize mara moja tu. Mimi pia ningeweza kumwuliza, na nilikuwa na muda mrefu kuliko baba.

Asubuhi nilitoka nje kutafuta maji ya kunawa. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha gari langu, gauni la kanisani mwilini, mkoba mapajani, mkanda ameufunga mwenyewe. Kuku alikuwa ameshamwachia jirani.