Moto Ulikuwa Jikoni

Kutoka Malindi tulipanda mabasi matatu. Mpakani Horohoro tulipanga foleni juani, Dar tukalala kwa jamaa wa mke wangu, kisha tukapanda la mwisho lililopita Morogoro na Iringa mpaka giza likatukuta Mafinga. Alikuwa akirudi kwao kumuuguza mama yake. Mimi nilikuwa nimeshahama miji mingi, nikaona huu nao utanipokea. Tuliposhuka Makambako nilivuta pumzi, nikakohoa. Sikujua hewa inaweza kuuma meno.

Nyumba ya ukweni ilikuwa Mahongole, nje ya mji. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na sakafu ya saruji ambayo baridi yake ilipenya soksi. Moto ulikuwa jikoni, kwenye banda la nyuma, na huko ndiko watu walikoishi: walikula huko, walisali huko. Lakini mama mkwe alikuwa humo, na kwa desturi ya nyumba ile mkwe wa kiume hakai naye pamoja. Hata salamu zilipitia kwa mke wangu. "Mwambie mkwe viazi vimeiva," nilisikia, kisha sahani ikaletwa. Nilikula peke yangu, koti mwilini, nikiwasikia wakicheka kwa Kibena.

"Njoo ukae nami kidogo," nilimwambia mke wangu.

"Kwenye barafu hilo? Ngoja mama alale."

Mama hakuwa mtu wa kulala mapema.

Siku za kazi nilikuwa Njombe, nikipakia mbao. "Mkenya, tetemeka taratibu, utatuangushia mzigo!" wenzangu walinitania. Nilicheka. Huko angalau tuliota moto wa maranda pamoja.

Asubuhi moja ya Juni, mke wangu akiwa bombani, nilishindwa na baridi. Niliingia jikoni, nikachuchumaa motoni. Mama mkwe alijifunika kitenge usoni, akashika ukuta, akatoka. Nilidhani anakwenda chooni. Mke wangu alimkuta kwenye mianzi, amesimama katika manyunyu, akikohoa.

"Angeanguka huko nje, ungesema nini?" aliniuliza.

"Basi tupange chumba Makambako. Tuwe na jiko letu."

"Na yeye nani atamwashia moto?"

"Nawe ni mke wangu."

"Ndiyo. Lakini wewe umezoea kuhama. Mimi nimerudi."

Tuliendelea hivyo mpaka Agosti, sebule yangu na jiko lao, tukizungumza mambo ya chumvi na sabuni.

Siku niliyoondoka kurudi kwetu alinisindikiza hadi stendi ya Makambako, akanibebea begi, akaninunulia mahindi ya kuchemsha. Hatukugombana. Alikuwa akiitazama simu yake kila mara, maana mama alibaki na jirani. Nikamwambia aende.

"Ukifika kwenu nijulishe," alisema, akaondoka kwa haraka.

Gari la Dar lilikuwa halijaingia. La Songea lilikuwa linapiga honi, kondakta akiita abiria wa mwisho. Sikuwa na mtu Songea. Nikapanda.