Mkebe wa Juu ya Kabati

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Itumbe, na mdomo ninao. Juzi nilisimama kwenye kituo cha kupimia majani chai, wakulima wakisubiri lori, nikawahutubia kuhusu antibiotiki. Niliwaambia kwamba wanaoacha dozi katikati na kumgawia jirani mabaki ndio wanaowafunza vijidudu ukaidi, hadi dawa zinashindwa kutibu. Nikaomba kila mwenye mabaki nyumbani ayalete, niyapeleke zahanati.

Hakuna aliyejitikisa.

Hapo nikapandisha sauti. "Jameni, mnaficha! Mimi ningekuwa na hata tembe moja, ningekuwa wa kwanza kuileta!"

Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi kando ya kikapu chake cha majani, aliinuka akaondoka upesi. Nilidhani nimemuudhi, nikaendelea kuwafokea wengine. Kumbe alidhani nimesahau, na boma letu liko hatua chache tu kutoka pale.

Alirudi akihema, amekumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia ninaouweka juu ya kabati. Akaumwaga mezani, kando ya mizani. Tembe za miaka mitatu zikabingirika, za kila rangi.

"Mwanangu, usihangaike, zako hizi hapa," akasema kwa sauti ya kanisani. Kisha akaokota moja ya manjano. "Ila hii niachie. Ndiyo ile ulinipa jana ya mafua, na bado sijapona."