Sauti ya Mama Adrienne

Germain, mchuuzi, alimjua mama Adrienne kwa kushindwa naye bei. Alitaka mzigo mzima wa samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, akaanza, kama kawaida yake, kuwatukana samaki: wadogo, wana mchanga, wamekaushwa kwa kuni mbovu. Mama hakubisha. Alianza kuwafunga tena ndani ya kitambaa, mmoja mmoja, kama anayelaza watoto.

"Patron, kama samaki ni babaya vile, juu ya nini miye nikulishe? Bibi yako atanichukia bule."

Germain akatoa alichoombwa, akaondoka akimheshimu. Mtu asiyeogopa kurudi nyumbani na mzigo wake humwezi sokoni.

Miaka ile ya mwisho ya tisini kampuni ya migodi ilikuwa hailipi tena, na Likasi nzima iliishi kwa kitu cha pembeni. Mama Adrienne alikuwa na samaki, na alikuwa na kilio. Mtu akifa mtaani Panda, yeye ndiye aliyeitwa. Alianza na marehemu aliyelala pale, kisha akawaita wafu wake mwenyewe, baba yake, dada yake Mathilde, mtoto wake wa kwanza, kila mmoja kwa jina na sifa zake, mpaka hata waliofuata chakula tu wakaona haya wakalia. Ndiyo desturi. Msibani hakuna anayelilia maiti ya mwenzake. Kila mmoja huja na yake moyoni.

Basi Dan, mkubwa wa kikundi cha michezo ya kuigiza, alipomjia Germain na wazo la filamu, Germain alijua pa kwenda. Yeye alikuwa na kamera ya video, aliyoipata kwa unga wakati wenye nyumba kubwa walipokuwa wakikimbia mji. Dan alikuwa na waigizaji wenye njaa na hadithi tatu za kutisha za kutia ndani ya kaseti moja: treni ya abiria wasiofika; mwanamke wa ziwani anayegonga milango akiuliza kijiji chake kilichozama; na mchimbaji aliyefukiwa shimoni, ambaye bado kila jioni huja kukaa mezani kwa mama yake.

"Yaya Germain, kaka, hii ya tatu inaomba kilio cha kweli," Dan alisema. "Bila kile, watu watacheka."

Walipatana na mama Adrienne kwa mfuko wa unga na dumu la mafuta. Kisha akauliza, "Na maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti, mama," Dan akajibu. "Jina tu. Kabamba."

"Kabamba wa nani?"

"Wa kutunga."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa apike bila moto. "Nitajaribu."

Alilia mara moja tu, na Dan akasahau kusimamisha kamera. Hakuna aliyefuata maneno. Mama Adrienne akilia, watu husikia koo, hawasikii maneno.

Filamu ilionyeshwa Jumapili, baada ya misa, ndani ya sinema ya zamani ya wafanyakazi. Viti vilikwisha kuwa kuni, kila mtu akaja na kigoda chake. Madirisha yalizibwa kwa magunia, televisheni ikawekwa jukwaani, jenereta ikanguruma nje. Treni ilipotokea, watu walicheka, maana abiria walikuwa majirani.

"Angalia Kitenge! Hata akifa, tumbo inatangulia."

Baadaye abiria wakageuka, hawana macho. Kicheko kikakatika. Kwa mwanamke wa ziwani akina mama wakaanza kushikana mikono. Ya tatu ilipofika, ukumbi ulikuwa jasho na pumzi tu, na sauti ya mama Adrienne ikatoka kwenye televisheni, kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Mwenyewe alikaa mbele, karibu na Germain. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti yake, kwani anayelia hajisikii. Sauti ilimwita Kabamba. Akamwita baba yake. Akamwita Mathilde, na mtoto wa kwanza. Halafu sauti ikasema, "Ricky wangu, shimo limekumeza, nani atanifunga macho?"

Germain alisikia kigoda kikianguka. Mama Adrienne alikuwa amesimama, mkono mdomoni, kana kwamba anaweza kuyarudisha maneno.

Ricky alikuwa mwanawe pekee aliyebaki, na alikuwa hai. Alichimba madini kwenye mashimo nje ya mji, na kila Jumamosi alirudi. Lakini Jumamosi hiyo, jana yake, hakuwa amerudi.

Asubuhi mama alikuja kwa Germain, hana samaki. "Nimelia mutoto muzima," alisema. "Jina likililiwa, haliruki bule, linatafuta pa kutua. Na ile kaseti, kila ukiicheza, miye namulia tena. Usiicheze mpaka arudi."

Germain alikuwa mtu wa vitu vinavyopimika, hakuamini. Lakini usiku hakulala vizuri, na hilo lilimkera. Isitoshe, kaseti ilikuwa hiyo moja tu, vitu vyake vyote vilikuwa vimeingia humo, na watu wa Kakontwe walikuwa wamekwisha kupanda lori kuja kuiona mchana huo.

"Mama, leo tu. Kisha naifunga."

"Leo tu ndiyo siku mutoto iko mu shimo."

"Basi sema bei."

Mama akainua kidole kimoja. "Iko bei moja. Jina likiitwa, muntu mwingine ajibu. Aseme, 'Niko.' Lile jambo linashuka kwake, linaacha mutoto. Utajibu weye."

Neno moja. Germain alikuwa amewahi kununua vitu kwa bei ndogo, lakini si kwa neno. Alikubali upesi, kama anavyokubali mnunuzi anayeogopa muuzaji atazinduka.

Mama alikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, asisikie. Ndani watu wa Kakontwe walijaa mpaka mlangoni. Germain alisimama kando ya mashine ya video, akajiambia ni mchezo wa Dan. Treni ikapita, mwanamke akagonga milango yake. Kisha kilio kikaanza, na Germain akatambua kwamba safari hii anasikiliza maneno. Baba. Mathilde. Mtoto wa kwanza. Sauti ilikuwa ikishuka orodha ya wafu kama mtu anayeshuka ngazi, na ngazi ya chini kabisa ilikuwa yake yeye, Germain.

"Ricky wangu..."

Alifungua mdomo. Lile neno moja halikutoka. Aliona kama ukumbi mzima unamngojea. Sauti ikaita tena. Mkono wake, si yeye, ukabonyeza kitufe, ukachomoa kaseti kabla mashine haijaiachia. Mkanda ukabaki kwenye meno ya mashine, mweusi, umechanika.

Watu wa Kakontwe walipiga kelele, wakatupa vigoda jukwaani. Alipotoka, mama Adrienne alikuwa amesimama.

"Ulijibu?"

"Nilijibu," alisema Germain. Uongo ulitoka laini, wa kibiashara, kwa kuwa kukiri kungemgharimu zaidi.

Mama akamshika mikono yote miwili, akaitazama kama mtu anayepima kitambaa, akaenda zake.

Jumanne Ricky alirudi, amejaa udongo, mzima. Lori lao lilikosa mafuta njiani. Alikula, akalala, na wiki iliyofuata akarudi shimoni, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu kingine. Mama hakumzuia. Alisema mutoto wake sasa analindwa.

Germain alibaki na filamu ya hadithi mbili. Aliipeleka Kakontwe, wakacheka. Baadaye akamwachia Dan kamera kwa jenereta ndogo, akaingia kwenye biashara ya chumvi.

Mama Adrienne hakulia tena msiba wa mtu. Alikuja kwa mama Simone, aliyefiwa na mume, akakaa, akafuta macho ya wenzake, wala hakufungua kinywa. Walipombembeleza alisema, "Munisamehe, bamama. Hii sauti imekwisha kuahidiwa. Naichungia muntu aliyejibu."

Habari zilimfikia Germain sokoni siku hiyo hiyo. Mara nyingine Germain hukutana na mama, akiwa na kapu lake kichwani, na mama husimama, humtazama usoni kwa upole mwingi, na humwuliza kama kifua kinamwuma.