Bega la Nyumba Yetu

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hasira inanipanda mpaka leo, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mwingereza bado anatutawala, nami ni kijana mwenye suruali mpya na daftari. Humo nilipanga safari za kwenda kutazama madaraja. Ya mjini nilishayamaliza, likabaki la reli kule Kikuletwa. Usicheke! Wewe na wenzako mmekodi gari kwa ajili ya hayo hayo.

Siku niliyoichagua ndiyo siku kijiji kilipokuwa kinabadilisha gogo la daraja letu la mtoni, wanakopita watu na ndizi zao. Desturi yetu ilikuwa kila nyumba itoe bega moja la kubeba gogo. Baba alishafariki, kwa hiyo bega la nyumba yetu lilikuwa langu. Nikajiambia mabega yako mengi, nikaondoka alfajiri.

Nilitembea mpaka miguu ikawaka moto. Daraja lilikuwa zuri kweli, chuma kitupu. Nilipokanyaga tu, mlinzi akanifokea: "Toka hapo! Hili ni la treni, si la washamba!" Nikalitazama kwa mbali kama mwizi, nikageuza.

Kesho yake nilivuka mto wetu juu ya gogo jipya. Nyumbani nilimkuta mama ameshusha kanga, anajikanda bega kwa maji ya moto. Ngozi yote imechubuka. Mshili, mkuu wa ukoo wetu, alikuwa amekuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Kaa nayo shikamoo yako! Tulimkataza mama yako, akasema nyumba yake haitakosa bega yeye akiwa hai. Sasa tueleze, hilo daraja ulilokwenda kulitazama, limekuvusha?"

Mama akasema taratibu, "Mwache, atakuwa na njaa."

Mkono ule hakuuinua tena kujitwisha ndizi mpaka anakufa. Nami nilikula chakula chake siku ile, mjinga mimi!

Sasa nisikilize. Madaraja katazameni, ni mazuri. Lakini kabla hujapanga safari, uliza nyumbani kuna mzigo gani siku hiyo, na nani ataubeba ukiondoka. Jumamosi mliyoichagua ndiyo siku ya kutengeneza kivuko chetu, na mama yako ameshaanza kuuliza sururu iko wapi.

Mungu akupe bega zima, mwanangu, na mama yako asiujue kamwe uzito wa gogo lako.