Injini Iliyokataa Kuzimika

Mume wangu aliporudi kutoka migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, alivuka mpaka pale Tunduma akiwa na blanketi moja na chuma kizito ndani ya gunia. Mimi nilidhani ni cherehani. Alipofungua, nikaona kitu kimejikunja kama konokono.

"Hii ni tabo," alisema. "Imetoka kwenye mashine iliyotupwa mgodini. Hii ndiyo itakayotutoa kwenye umaskini."

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Tulikuwa na mashine ya kusaga mahindi huku Mbozi, juu mlimani, si mbali na misheni. Iliendeshwa na injini ya dizeli iliyong'olewa kwenye lori bovu, nayo ilikuwa imechoka. Ukiizidishia mahindi kidogo tu, ilitoa moshi mweusi na mkanda ukapunguza mwendo. Wanawake waliotoka mbali walishinda wamekaa hapo na vikapu vyao. Wengine walikata tamaa wakarudi kutwanga.

Mume wangu alisema kosa ni la hewa ya milimani, ni nyepesi mno. Moshi unaotoka kwenye injini, alinieleza, utazungusha gurudumu dogo ndani ya tabo, na gurudumu hilo litazungusha lingine la kushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikitosha, dizeli yote inaungua na nguvu inaongezeka.

"Lakini, baba, injini yenyewe ni mzee," nilimwambia. "Itastahimili?"

"Kwani mzee akila vizuri hapati nguvu?"

Nilicheka. Nilitaka sana kumwamini.

Alikata bomba la moshi akaunganisha tabo. Akavuta bomba jembamba la kuipelekea oili, kisha akaongeza dizeli kwenye pampu. Mama mkwe alikuwa akimpelekea chakula pale pale kwenye kibanda cha mashine, maana mwanawe hakutaka kutoka.

Alipoiwasha, ilipiga mluzi. Mahindi yaliisha kabla jua halijasimama utosini, na mama mkwe akapiga vigelegele peke yake mlangoni. Siku zile mume wangu alizungumza mpaka chakula kikapoa. Alitaka kuweka mashine ya pili Msangano.

Asubuhi moja nilikuwa namimina mahindi, mluzi ukabadilika. Moshi ukawa wa buluu, na injini ikaanza kupandisha mwendo yenyewe. Mume wangu akavuta waya wa kuzimia. Haikuzimika. Akafunga dizeli. Ikazidi kunguruma, kibanda kizima kikitetemeka. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba oili ilikuwa ikivuja ndani ya tabo na kuvutwa pamoja na hewa. Injini ilikuwa ikichoma oili yake yenyewe.

"Tokeni nje! Tokeni!" alipiga kelele.

Alivua koti akalisukumiza kwenye mdomo wa bomba la hewa. Likavutwa, likararuka. Nilimshika mkono nikamvuta, na tulipofika mlangoni tukasikia mshindo. Chuma kilikuwa kimetoboa ubavu wa injini. Oili ikatiririka sakafuni hadi kwenye unga.

Hakuna aliyeumia. Mwanamke mmoja aliinama, akaanza kuchota unga ambao oili haikuufikia. Mume wangu alimtazama mpaka akamaliza.

Alikwenda Tunduma mara nyingi kuwauliza madereva na mafundi. Wote walimjibu kwamba injini za namna ile hazitengenezwi tena. Mwishowe akafunga blanketi lake.

"Nikipata injini nitarudi," alisema.

"Na usipoipata, mwanangu?" mama yake akamuuliza.

Aliendelea kufunga kamba za viatu.

Mwanzoni ndugu wa ng'ambo ya mpaka walituletea habari zake: yuko mgodi huu, kahamia ule. Kisha wakawa hawazitaji mpaka tuulize, nasi tukaacha kuuliza; watoto wetu tu ndio walioendelea kumngoja baba yao barabarani. Mabati ya kibanda tuliyaezua tukaezekea jiko.

Mama mkwe alifariki msimu wa mahindi mabichi. Nilimwomba jamaa mmoja aliyekuwa akivuka mpaka ampelekee mume wangu habari za msiba. Aliporudi, aliniambia kwamba kule alikoelekezwa hakumkuta mtu yeyote anayemjua mume wangu.

Niliwaita watoto, nikawaambia wasiwe wanakwenda tena barabarani kutazama magari yanayotoka Tunduma.