Nyota za Kopo, na Moto Usioingia Ndani Yake

Saa nne asubuhi jua liko nje, lakini ndani ya ukumbi huu wa harusi hapa Ibighi, mjini Tukuyu, ni giza tupu. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tupokigwe Lazaro, mama wa miaka thelathini na sita, amepiga magoti sakafuni mbele ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Anabonyeza swichi.

Dari jeupe linajaa nyota. Wala si madoa ya mwanga, ni nukta kali kama ncha za sindano.

Sindano yenyewe ni ya cherehani yake. Mama Neema, kama wanavyomwita, alikuwa fundi nguo hadi mitumba ilipofurika sokoni. "Gauni langu nilishona siku mbili, la mtumba likauzwa bei ya uzi wangu," anasema. "Nikabaki na sindano tu. Nikasema, basi zitoboe kitu."

Kopo la kwanza lilikuwa dogo, na nyota zilitoka nene kama maandazi. Akahamia kopo kubwa ili globu ya tochi ikae mbali na matundu, akapaka masizi ya jikoni kwa ndani mwanga usirukeruke. Nyota zikakaza. Globu, betri tatu na waya havifiki shilingi elfu mbili. Kwa harusi moja analipwa elfu sita.

Leo hii, 1996, ana kazi kila Jumamosi. Lakini ya leo nusura imponyoke.

Mapema asubuhi hii, alipotoka kuchota maji, mzee Ackson, mjomba wa bibi harusi na mgeni kutoka Ikuti, aliona nyota hazimtoshi. Akaongeza betri mbili. Nyota ziliwaka kama mchana, kisha pu! Giza.

"Mama Neema, kitu chako kibovu!"

"Kibovu, au kimeshibishwa, baba?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akatoa mshumaa mfukoni. "Weka huu. Moto ni moto. Ukikataa, harusi zote za ukoo wetu utazisikia redioni."

Mama Neema alipiga hesabu. Ukoo huo una harusi tatu kabla ya Krismasi, na ada ya shule ya binti yake Neema inategemea hizo. Lakini Neema huyo huyo, alipokuwa na miaka tisa, alimwiga mama yake akaweka mshumaa kwenye kopo. Kopo likapata moto, likaangukia pazia. Kovu liko mkononi mwake mpaka leo.

"Baba, nifukuze," Mama Neema akamwambia mzee. "Moto hauingii kwenye kopo langu."

Kisha macho yake yakatua kwenye tochi ndefu ya betri tatu kwapani mwa mzee.

"Naomba hiyo tochi, baba."

Akafungua kifuniko cha nyuma. Hapo, katikati ya springi, ilikuwa imelala globu ya akiba.

"Ee! Miaka minne natembea nayo!" mzee akashangaa.

"Miaka minne ulikuwa umebeba nyota, baba."

Akatoa betri zilizozidi, akafunga globu hiyo koponi, na nyota zikarudi darini. Safari hii mzee mwenyewe alicheka, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akauweka mshumaa mfukoni.

Kila anapokwenda, Mama Neema huwaambia wazazi wenzake: mtoto akitaka nyota, mpe tochi, usimwachie kiberiti. Maneno hayo ameyaandika kwa rangi nyekundu kwenye kila kopo.

Neema sasa ana miaka kumi na saba. Mama anataka asomee ufundi umeme Mbeya, atengeneze taa ambayo hata ukizidisha betri haifi.

Nje mvua inaanza kunyesha, kama kawaida ya Rungwe. Bibi mmoja wa Matwebe, aliyewahi kufika mapema, anaingia ukumbini akitikisa mwavuli, anainua uso.

"Mjukuu wangu," anasema, "hizi hazizimwi na mawingu."

"Wala hazichomi mtu, bibi," anajibu mama Neema, na kubana kifuniko cha kopo.